Jangwani Meli, Msituni Mgongo

Jambo kwenu mlioko Walikale, Mubi na Ndjingala. Jambo kwenu wa Masisi, Rubaya, Ngungu na Sake. Jambo kwako yaya unayenisikiliza huku unamenya muhogo, na kwako baba uliyefungua redio ukingoja taarifa ya habari ukanikuta mimi. Taarifa itakuja, usiwe na haraka. Kwa sasa sogeza kiti, maana leo tunazungumza habari za mashua, mito na wachimbaji wa madini.

Naanza na swali. Chukua mahali pawili. Pa kwanza ni jangwa, mvua ni hadithi, ardhi imekauka kama kigae. Pa pili ni msitu wetu huu, ambako ukitembea asubuhi moja unaweza kuvuka vijito mpaka ukaacha kuvihesabu. Kote kuwili kuna wachimbaji, na kote wanahitaji chakula, vyuma, kamba na sabuni. Je, ni wapi mizigo ilipelekwa kwa meli, na ni wapi ilibebwa mgongoni?

Najua umejibu nini. Umesema: penye maji ndipo penye meli. Basi umekosea, na mimi pia nilikosea nilipojiuliza mara ya kwanza. Meli zilikuwa jangwani. Mgongo ulikuwa kwetu.

Twende kwanza mbali, tutarudi upesi. Kusini-magharibi mwa Marekani kuna mto unaoitwa Colorado. Neno hilo ni la Kihispania, linataja rangi nyekundu, maana maji yake zamani yalijaa udongo mwekundu. Kushoto jangwa, kulia jangwa. Mwaka 1852 meli ndogo ya mvuke, jina lake Uncle Sam, iliupanda mto huo kupeleka chakula kwa wanajeshi waliokuwa kwenye ngome ya Yuma. Haikudumu, mwaka uliofuata ilizama. Mwaka 1854 ikaja nyingine, General Jesup. Baadaye zikaja Cocopah na Mohave. Yashike majina hayo, msikilizaji, tutayahitaji mbele.

Mwaka 1862 dhahabu ikaonekana mahali paitwapo La Paz, karibu na ukingo wa mto huo, na watu wakamiminika. Juu zaidi, kwenye korongo la El Dorado, wengine walichimba fedha. Sasa mfikirie mchimbaji wa jangwani. Hana shamba la muhogo. Hana mti wa kukatia nguzo za shimo lake. Unga unatoka mbali, nyama ya chumvi inatoka mbali, sururu na baruti vinatoka mbali. Kumpelekea kwa nyumbu kupita jangwani ni safari ndefu, na nyumbu naye anataka maji na majani. Ila mto upo. Kwa hiyo meli ikapanda na unga, ikashuka na mawe ya madini mpaka mlangoni mwa bahari, na huko mawe yakapakiwa kwenye merikebu kwenda San Francisco.

Meli zenyewe ziliundwa kwa akili. Chini bapa kama sinia, gurudumu la kusukumia maji liko nyuma, zikaweza kuelea kwenye maji ambayo wewe ungevuka kwa kukunja suruali. Zilikwama kwenye mchanga mara kwa mara, na zikikwama, watu hushuka majini. Watu gani? Wengi wao wenyeji, watu wa kabila la Cocopah, ambao meli mojawapo ilipewa jina lao. Kuni za kuchemshia maji ya mvuke zilikatwa na wenyeji vilevile, Cocopah, Quechan na Mohave, zikapangwa kwenye vituo ukingoni. Kwa hiyo hata penye meli, mgongo wa mtu ulikuwemo. Hilo tusilisahau.

Mwaka 1877 reli ikafika Yuma, na kazi ya meli ikaanza kufifia. Mwaka 1909 bwawa la Laguna likaufunga mto, na meli zikabaki kwenye vitabu.

Haya, tumerudi nyumbani.

Mto Lowa unazaliwa milimani Masisi, huko kwenye malisho ya ng'ombe na baridi ya asubuhi, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Kivu. Unashuka kwenda magharibi. Unapokea Oso, unapokea Luhoho, unapokea mingine mingi ambayo kila kijiji kina jina lake. Unaupita mji wa Walikale, unazama msituni, na mwisho unajimwaga kwenye Lualaba, kati ya Kindu na Ubundu. Na Lualaba, kama tulivyofundishwa shuleni, ndio mto Kongo wenyewe kabla haujabadili jina.

Umeisikia njia yake? Inakwenda magharibi. Na mnunuzi wa mawe, yule mwenye kontwari, yuko wapi? Yuko Goma. Yuko Bukavu. Yuko mashariki. Ukipakia kasiterite, lile jiwe la bati, kwenye pirogi pale Walikale na kuliachia maji, pirogi litamkimbia mnunuzi. Ukitaka kumfuata, lazima upande mto. Na kupanda Lowa kuelekea Masisi ni kupanda ngazi: kule juu milima inapita mita 2,000, wakati mji wa Walikale uko chini ya mita 1,000. Maji yanayoteremka hivyo hayateremki kwa adabu. Yanaruka mawe na kuchemka kwenye makorongo. Pondo lako litavunjika kabla jua halijachwa.

Ninarudia, maana hapa ndipo penye fundo la mazungumzo yetu. Colorado ilielekea aliko mnunuzi. Lowa inampa mnunuzi mgongo. Ndiyo sababu mto wetu ukawa kitu cha kuvukwa.

Lakini subiri. Nani alisema mnunuzi amekuwa mashariki siku zote?

Wakati wa Wabelgiji soko lilikuwa upande mwingine. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu, ile iliyojulikana kwa herufi CFL, ilianzishwa mwaka 1902 kwa fedha za tajiri Empain. Kazi yake ilikuwa kuushona Lualaba: penye maji tulivu kuwe na meli, penye maporomoko kuwe na treni. Mwaka 1906 reli ya Kisangani hadi Ubundu ikamalizika, ikaruka maporomoko yote saba ya Boyoma. Kutoka Ubundu hadi Kindu mzigo ulipanda meli. Kutoka Kindu treni tena, hadi Kongolo. Kindu yenyewe iliitwa Port-Empain, bandari ya yule tajiri. Mwaka 1915 reli ikafika Kalemie, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa iko Kigoma na treni ya Dar es Salaam. Wazee wa Kigoma na wa Dar wanakumbuka neno Belbase: ni gati ambazo Wabelgiji walizikodi kwa Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1921, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Faranga moja! Siku hizi kwa hela hiyo hupati hata kiti cha kungojea meli.

Bati lilipopatikana Maniema, njia hiyo ilikuwa tayari. Mwaka 1932 iliundwa Symétain, kampuni ya Kalima na Punia. Huku kwetu milimani ilikuwepo MGL, kampuni ya migodi ya Maziwa Makuu, tangu mwaka 1923. Jirani zetu wa Maniema walikuwa na bahati hiyo: jiwe likishafika ukingoni Kindu, limepata usafiri. Lakini kutoka shimoni hadi ukingoni? Ah, hapo hatukutofautiana. Mgongo, barabara iliyolimwa kwa kazi ya kulazimishwa, na baadaye lori.

Mwaka 1976 kampuni hizo zikaunganishwa zikawa moja, SOMINKI. Mwaka 1985 bei ya bati duniani ikaporomoka, na SOMINKI ikaanza kuugua. Lori likaharibika, halikutengenezwa. Daraja likaoza, halikujengwa. Migodi ikaachiwa wachimbaji wa mikono, na hao wachimbaji wakawauzia wafanyabiashara waliokuja kutoka Goma na Bukavu. Mto haukuhama, wasikilizaji. Soko ndilo lililogeuka, likaangalia mashariki, na Lowa ikabaki inatiririka kuelekea bandari ambayo haina habari nayo.

Niruhusuni nichepuke kidogo, maana nikiutaja mto wa Walikale bila kumtaja Mwindo, wazee wa Kinyanga watanipigia simu. Mwindo ni shujaa wa hadithi ndefu ya Wanyanga. Baba yake, Shemwindo, hakutaka mtoto wa kiume. Mtoto alipozaliwa, alifungiwa ndani ya ngoma akatupwa mtoni. Hakufa. Alisafiri ndani ya ngoma hiyo chini ya maji, huku anaimba, akaenda kumtafuta shangazi yake, Iyangura. Mwaka 1956 msimulizi Shekarisi Rureke aliisimulia, Daniel Biebuyck akaiandika, na pamoja na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969. Nikiwaza chombo cha kwanza cha kusafiria kwenye mito hii, mimi namwaza Mwindo ndani ya ngoma. Tena ona: alipita chini ya maji. Msimulizi aliijua mito ya kwao, alijua kwamba juu pana mawe.

Na kwa wasiokuwa mashujaa? Kulikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni daraja la kamba za msituni, lile linaloning'inia kutoka mti hadi mti, unalipita mmoja mmoja huku linacheza kama kitanda cha kamba. Cha pili ni pirogi, mtumbwi wa gogo moja, kafi kwa maji ya kina, pondo kwa maji mafupi. Mvushaji anasimama nyuma, abiria anachuchumaa katikati, na mtu hacheki mpaka ng'ambo.

Pirogi linafaa sana kuvusha ndizi. Kwa kasiterite ni jambo jingine. Jiwe la bati ni zito karibu mara saba ya maji. Gunia la kilo 50 utaliona dogo, utadhani ni la unga wa wiki moja, kumbe ukilinyanyua kiuno kinalia. Ukiweka magunia hayo kwenye gogo lisilo na mkuku, lazima yalale chini kabisa, katikati kabisa. Na likipinduka? Ndizi huelea, utaziokota chini huko kwenye kona. Bati linakwenda moja kwa moja tumboni mwa mto.

Sasa tufike Bisie. Hapa nitakaa kidogo.

Kama mwaka 2002 hivi, kasiterite ilionekana kwenye kilima cha Bisie, ndani kabisa ya msitu wa Walikale. Habari zikasambaa kama zinavyosambaa. Wakaja vijana kutoka Masisi, Bukavu, Maniema, Kisangani. Likazuka jiji la mahema ya plastiki na miti. Kulikuwa na wenye mashimo, ambao wachimbaji waliwaita PDG kama wakuu wa makampuni, ingawa ofisi ya PDG ilikuwa tundu la giza. Kulikuwa na wachimbaji wa chini, wapondaji, waosha mawe, mama wauza bugali, vinyozi, wenye video. Maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja aliyelima.

Kutoka barabara kuu, pale Ndjingala, hadi Bisie ni kama kilomita 45 za njia ya miguu. Kilomita 45 kwenye lami ni muda wa kusikiliza kipindi hiki. Kwenye tope la msitu ni siku mbili kwa watu wengi. Kupanda, kushuka, gogo linaloteleza juu ya kijito, tope la magoti, mizizi, siafu. Na kila alichokula mtu wa Bisie kilipita hapo.

Hebu tuhesabu kwa vidole, siyo kwa takwimu. Mchele, mgongoni. Maharagwe, mgongoni. Makayabo, yale mapande ya samaki wa chumvi, mgongoni. Sambaza wakavu wa Ziwa Kivu, mgongoni. Betri za tochi za kichwani, nyundo, patasi, mitaimbo, mgongoni. Pampu ya kuvuta maji shimoni, nayo mgongoni, ikibebwa kwa zamu. Kreti ya bia, ndiyo, mgongoni, na chupa hazipaswi kugongana. Mbuzi peke yake ndiye aliyejibeba.

Mbebaji aliingia na mchele akatoka na jiwe. Hiyo ndiyo iliyokuwa meli yetu: inakwenda imejaa, inarudi imejaa. Kama ile ya Colorado kabisa, ila hii ilikuwa inatoa jasho. Ukanda unapita kwenye paji la uso, kilo 50 zinakaa mgongoni, fimbo mkononi ya kupimia tope. Na bei? Kila kilomita iliongeza bei. Chupa ya bia iliyouzwa Ndjingala kwa bei ya kawaida ilifika Bisie imekuwa kitu cha PDG. Mchimbaji alipata fedha nzuri ukilinganisha na mkulima, na fedha hizo zilirudi kwenye njia ileile, kwa mchele na sabuni. Watu walitajirika Bisie, hilo ni kweli, ila uliza walikuwa nani. Mara nyingi ni aliyeshika njia. Mwenye sururu alikuwa analipa madeni.

Nasema aliyeshika njia, na ninajua mnanielewa. Kwa miaka kadhaa, hadi 2009, kilima kile na njia yake vilikuwa mikononi mwa wanajeshi wa brigedi ya 85. Bariyeri mwanzoni mwa njia, bariyeri katikati, bariyeri ya kuingia. Mbebaji analipa akiingia na mchele, analipa akitoka na mawe. Mwenye bunduki hahitaji kuchimba. Anahitaji kamba moja, vijiti viwili, na mahali ambapo huwezi kumzunguka.

Na mahali gani huwezi kumzunguka mtu? Daraja. Kivuko. Msituni unaweza kukata njia nyingine usiku, lakini mto unakulazimisha upite palipo na mtumbwi. Wachimbaji wa Colorado walimlipa mwenye meli kwa sababu alikuwa na meli. Sisi tulimlipa mtu aliyekaa kando ya maji, na hata kafi hakuwa nalo.

Baada ya Ndjingala ndipo mzigo ulipopata mabawa. Barabara ya kwenda Goma kupitia Masisi ilikuwa imekufa, malori hayapiti. Basi pale Kilambo kuna kipande cha lami kwenye barabara kuu. Ndege ndogo zilitua hapo hapo barabarani. Pikipiki zinasimamishwa, mbuzi wanafukuzwa, watoto wanapigiwa kelele, ndege inatua, inashusha bia na mchele, inapakia kasiterite, inaruka kwenda Goma. Mtu asiyetoka kwetu ukimsimulia anadhani unamdanganya. Jiwe lililobebwa siku mbili mgongoni kama enzi za misafara ya pwani, saa hiyohiyo linapanda ndege. Na mto Lowa uko karibu, unatazama tu.

Septemba 2010 serikali ikafunga uchimbaji wote wa mikono katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Watu walizungumza sana habari za wachimbaji. Wachache walizungumza habari za njia. Mama aliyekuwa na banda la chai katikati ya msitu, alimuuzia nani? Njia ya mgodi huliwa na wengi, na mgodi ukisimama, njia inaota majani kwa msimu mmoja wa mvua.

Siku hizi Bisie ni hadithi nyingine. Kampuni ya Alphamin ilijenga barabara kupasua msitu hadi kilimani, na mwaka 2019 mgodi wa kisasa ukaanza kuzalisha kibiashara. Malori yanapita kulikopita migongo. Lakini lori nalo lina kivuko chake. Machi 2025, wapiganaji wa M23 walipokuwa wanakaribia na kisha kuingia Walikale, kampuni ilisimamisha kazi na kuwaondoa watu wake. M23 walipoondoka mjini mwanzoni mwa Aprili, kazi ikaanza kurudi polepole. Mashine kubwa, umeme, madaktari, na bado swali ni lile la mwaka 2002: njia iko wazi?

Rubaya sitakaa sana, maana Rubaya haina hadithi ya mashua. Ni milima mitupu. Maji yapo ya kuoshea koltani, vijito vimegeuka rangi ya chai, lakini hakuna anayesafiri juu yake. Mzigo unashuka mgongoni hadi kijijini, unapanda pikipiki, unapanda lori. Tangu mwisho wa Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameeleza jinsi koltani yake inavyotozwa ushuru na inavyopelekwa Rwanda. Nimeitaja kwa sababu moja: barabara ya Masisi ilipokatwa na vita, ndipo watu wa milimani waliporudi kwenye boti. Siyo kwenye mto. Kwenye ziwa.

Mnalijua ziwa letu. Mzigo wa Minova ulikuwa unakwenda Goma kwa barabara, kupitia Sake. Mwaka 2024 mapigano yakaifunga barabara hiyo. Viazi, maharagwe, muhogo, watu, wote wakageukia maji. Boti zikajaa. Oktoba 3, 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wakiwa ukingoni wanaangalia, wengine wanangoja kupokea mizigo yao. Ndugu zetu wengi walikufa, makumi kwa makumi. Wapumzike kwa amani. Sikutaka kuzungumza habari za mashua jioni hii kana kwamba ni mambo ya kale tu.

Na usiku, ziwa hilohilo lina mashua zisizo na taa. Mawe kutoka milima ya Kalehe na kwingineko huvuka hivyo kwenda ng'ambo, na wabebaji wake wana jina la Kifaransa lenye maana ya bundi. Kasiterite ikivuka maji tulivu inasafiri vizuri. Kumbe mashua inatufaa, ikiwa tu maji yanaelekea aliko mnunuzi. Si ndivyo tulivyosema mwanzoni?

Kuna aina moja zaidi ya chombo, nayo ni ya jirani zetu wa Shabunda. Mwaka 2014 na 2015, kwenye mto Ulindi, zilionekana draga, mashine zinazoelea na kufyonza mchanga wa chini ya mto kutafuta dhahabu. Pale chombo hakipeleki chakula mgodini. Chombo ndicho mgodi. Wapiga mbizi wanashuka na mpira wa kuvutia hewa mdomoni, wanashika bomba gizani. Mtu akiniuliza kama ningependa kupata kazi hiyo, nitamwambia afadhali ukanda wa pajini na njia ya Bisie.

Muda unanikimbia, fundi ananionyesha vidole. Dakika chache, nimalizie na habari ya majina.

Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, von Götzen, alitoka Rwanda, akaliona Ziwa Kivu, akaupenya msitu wa upande wetu mpaka akatokea kwenye Lualaba. Alipita na msafara wa wapagazi kutoka pwani, wasemaji wa Kiswahili hiki. Miaka kama ishirini baadaye Wajerumani waliunda meli, wakaipa jina lake, wakaifungua vipande vipande, wakaisafirisha hadi Kigoma. Ilishushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe. Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikapewa jina jipya. Mnaijua: ni MV Liemba. Jina la mtu aliyebebewa mizigo kwenye misitu ya kwetu liliandikwa kwenye chuma. Waliombebea, hakuna hata ubao.

Sasa yale majina niliyokuomba uyashike. Uncle Sam, General Jesup, Cocopah, Mohave. Zaidi ya miaka mia na hamsini imepita, meli zenyewe zimeoza, na mimi hapa nakusomea majina yake kwa sababu mtu fulani aliyaandika. Je, pirogi lililowavusha wachimbaji wa kwanza kwenye Oso liliitwaje? Mvushaji wa Lowa wakati wa SOMINKI alikuwa nani? Kivuko chenu, kabla ya daraja, wazee walikiitaje?

Sikuuliza kwa kupamba mazungumzo. Ninauliza nipate jibu. Kama baba yako au babu yako alipiga pondo Walikale, kama mama yako alibeba mchele kwenda Bisie, tuandikie. Andika jina la kivuko, jina la mto, na mwaka kama unaukumbuka. Kama huukumbuki, sema ulikuwa mwaka wa kitu gani. Jina la mtu utaje ikiwa mwenyewe au watu wake wamekubali. Wiki ijayo, saa kama hii, nitayasoma moja baada ya jingine, taratibu, bila muziki wa chini. Yakijaa daftari, tutaongeza wiki nyingine.

Mimi naweka kafi chini. Usiku mwema Walikale, usiku mwema Masisi, usiku mwema kwako uliyeko kando ya maji unangoja mtu wa kukuvusha. Kwaherini.